Maswali na majibu: vali, mluzi na umeme wetu

Maswali ya wapiga kinanda cha mdomo (harmonika) wanaotafuta amplifaya yamejaa tena, na nusu yake ni lile lile: "Maalim, ya wati ngapi?" Nimeshalijibu mara tatu. Hii ya nne ndiyo ya mwisho.

Napiga kinanda cha mdomo kwenye hoteli za Paje. Nimeona amplifaya ya vali ya wati 100. Niichukue? (Msomaji, Jambiani)

Usiichukue. Vali, yaani ile taa ya kioo inayokuza sauti, tunaitaka kwa ule mkwaruzo inaoutoa ikizidiwa, na ya wati 100 haitozidiwa mpaka wageni wawe wameshahama meza. Tafuta ya wati 5 mpaka 15, spika ya inchi 8 au 10. Ipandishe juu ya kiti, itegee maiki mbele, kazi ya kufikisha sauti waachie spika za ukumbi. Najua wapo wanaoapa kwa amplifaya ya Fender Bassman ya 1959, spika nne za inchi 10, wati kama 40. Kitu kizuri, sibishi. Ipandishe daladala ya Paje siku moja kisha uniandikie.

Sauti ikifika nusu, amplifaya inapiga mluzi. Ni mbovu? (Mpigaji, Wete)

Si mbovu, imeundwa kwa gitaa. Wewe umeitia maiki, maiki inaisikia spika, spika inamrudishia maiki, na hapo hawaachani. Punguza sauti nyembamba, ongeza besi, simama ubavuni mwa boksi badala ya mbele yake, na maiki yenye kitufe cha sauti izime kila unapopumzika.

Bado? Tazama vali ndogo ya mwanzo, iliyo karibu na tundu la maiki. Mara nyingi ni 12AX7, ambayo kipimo chake cha kukuza ni 100. Badala yake tia 12AY7, iliyo karibu na 44, au 12AU7, karibu na 20. Zinaingia soketi ile ile, hakuna kuchomelea. Zima, iache ipoe, ing'oe wima ukiichezesha kidogo kidogo.

Lakini hukuniuliza mikono, na mimi nitakwambia. Chukua kinanda bila umeme, simama mbele ya ukuta, vuta pumzi kwenye tundu la 4, funga na ufungue viganja. Kama husikii sauti ikibadilika, huna haja ya vali, una haja ya mwezi mmoja mbele ya ukuta. Watu wananunua vali za fedha nyingi na baina ya kiganja na maiki pana mwanya wa kupita panya.

Ndugu yangu kaniletea amplifaya kutoka Marekani. Naichomeka tu? (Msomaji, Mlandege)

Ukitaka moshi. Kule volti 120, hapa 230. Nunua transfoma ya kushushia, na soma nyuma ya amplifaya wati *inazokula*, si inazotoa. Ya wati 5 hula mara kadhaa ya hizo. Transfoma iwe na uwezo mara mbili ya ulaji huo. Tena angalia hezi (Hz), yaani umeme unakwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Transfoma inashusha volti tu, haigusi hezi, na umeme wetu ni wa 50. Iliyoandikwa 60 peke yake itachemka.

Na fyuzi, jamani! Fundi mmoja, namsitiri, aliwahi kuizungushia fyuzi yangu iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Iliwaka vizuri nyimbo mbili. Ya tatu umeme ukapanda, transfoma ikatoa harufu iliyoishinda sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka jahazi. Fyuzi ikikatika mara ya pili, usitafute kubwa zaidi, tafuta kinachoikata.

Naweza kuiwasha bila spika, nijaribu vali tu?

Hapana. Utaunguza transfoma ya kutolea sauti.

Maiki yangu ya zamani, Astatic JT-30, imefifia tokea masika. (Msomaji, Chake Chake)

Pole. Kristali yake, ile inayogeuza sauti kuwa umeme, ni chumvi ya Rochelle, na chumvi na unyevu unajua wenyewe. Joto la gari lililofungwa juani nalo huiua. Haitengenezeki. Badala ya kristali tia kipande cha ndani cha aina ya sumaku, au chukua Shure Green Bullet. Kama bado una nyengine nzima, ilaze kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Nikiigusa amplifaya inalia "ting".

Vali moja imechoka ndani. Zigonge moja moja kwa penseli. Itakayoitika ndiyo hiyo.

Amplifaya inavuma mfululizo. Nifungue mwenyewe?

Kwanza ihamishe kwenye soketi isiyo na friji ya baa, na ubadilishe waya wa maiki. Ikiendelea kuvuma hata maiki ikiwa imechomolewa, huenda ni kapasita za kuchuja umeme, na hizo hukaa na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Mpelekee fundi aliyezoea redio za vali. Wa simu atakwambia anaweza.