Rufaa kwa Daktari Bingwa: Ubora Wake Unapimwaje?

Kila mwezi tunapeleka idadi ya rufaa. Safari hii zimepungua. Je, tumeboresha huduma? (Mganga mfawidhi wa zahanati, Mbagala)

Idadi peke yake haisemi. Rufaa hupungua mkitibu vizuri hapohapo, na hupungua vilevile mgonjwa aliyestahili kupelekwa mbele akibakizwa. Mfuateni kila mgonjwa kwenye rejesta: ameandikiwa, amefika, ameonwa na bingwa, mrejesho (majibu ya bingwa kwenu) umerudi. Tuseme mmeandika rufaa 40, wakafika 28, wakaonwa 25, mrejesho ukarudi kwa 7. Gawanyeni kwa 40 kila mara. Wengi hugawanya kwa waliofika, wakapata mrejesho wa asilimia 25 badala ya 17.5, na wale 12 ambao hawakufika wanafutika kwenye hesabu. Hao 12 ndio wa kupigiwa simu kwanza. Mara nyingi ni nauli, au hawakuelewa kliniki ni siku gani.

Tunaambiwa barua zetu hazieleweki hospitali ya mkoa. Tuzipe alama vipi? (Tabibu, Ilala)

Anzeni na swali. Barua inayosema "kwa uchunguzi na matibabu zaidi" haijauliza kitu. Linganisheni na hii: "Mama wa miaka 52. Presha 170/105 katika mahudhurio matatu ndani ya wiki sita, japo anameza amlodipini mg 10 na losatani mg 50 kila siku bila kuruka. Kreatinini imepanda kutoka 90 hadi 140. Je, figo ndiyo chanzo, na tuongeze dawa gani ya tatu?" Bingwa akisoma hii anaanza kazi palepale, wala harudii vipimo vilivyokwisha kulipiwa.

Toeni alama moja moja kwa swali, historia yenye tarehe, majibu ya vipimo, dawa na dozi zake pamoja na mzio, kiwango cha uharaka, na namba ya simu ya aliyeandika. Alama ya swali itajwe peke yake, maana barua yenye tano nyingine bila swali bado imeshindwa kazi yake.

Msichague barua za juu ya faili. Chukueni kila ya tatu au ya tano mpaka zifike 30. Sampuli hiyo inatosha kuonyesha tatizo, haitoshi kupima mabadiliko madogo. Mkikuta 12 zenye swali, yaani asilimia 40, hali halisi inaweza kuwa popote kati ya 25 na 58 hivi. Kwa hiyo asiitwe mtu ofisini kwa sababu 40 imekuwa 35.

Nani aamue kwamba rufaa haikuwa ya lazima?

Madaktari wawili, mmoja wa ngazi inayotuma na mmoja bingwa. Wasome barua ileile, jina la mwandishi limefunikwa, kila mtu kivyake. Waamue kwa kile alichokijua mtumaji siku ile, si kwa majibu yaliyokuja baadaye. Uvimbe wa titi uliopelekwa kuchunguzwa ukakutwa si saratani ulikuwa rufaa sahihi kabisa. Wakipishana mara kwa mara, kigezo chao ndicho kibovu. Wakiandike upya kabla ya kuendelea.

Muda wa kusubiri tuandike wastani?

Andikeni namba ya katikati. Wagonjwa saba wakisubiri siku 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 94, wastani ni 19, na hakuna aliyesubiri siku 19. Ya katikati ni 7. Huyo wa 94 asifichwe, aulizwe kilichomkuta. Dharura zitengwe kabisa: mjamzito anayetoka damu hupimwa kwa dakika, tangu uamuzi wa kumhamisha, gari kuondoka, hadi kupokelewa.

Mama yangu ana rufaa ya Muhimbili. Nifanye nini ili mrejesho usipotee? (Msomaji, Kimara)

Ipige picha barua, mbele na nyuma, kabla ya kuikabidhi mapokezi. Baada ya mama kuonwa, kabla hamjatoka chumbani, mwombe daktari aandike mambo matatu: amekutwa na nini, dawa ipi imebadilishwa na kwa nini, arudi lini na wapi. Karatasi hiyo nayo ipigeni picha, kisha nakala yake muipeleke wiki hiyohiyo kwa daktari aliyeandika rufaa. Msingoje mpaka dawa ziishe.