Kabla ya kuiuliza programu

Wewe unayeanza sataranji, usione aibu kufungwa na programu iliyo kwenye simu yako. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York mwaka 1997, ilipekua mikao ya ubao ipatayo milioni 200 kwa sekunde. Haikuchoka wala kushtuka. Binadamu hushtuka: katika mchezo wa pili wa pambano lile Kasparov alikubali kushindwa, kumbe uchambuzi wa baadaye ukaonyesha sare ilikuwepo, kwa kumwandama mfalme wa mpinzani hatua kwa hatua. Urudie mchezo ule mara nyingi. Kwangu mimi hakuna somo linaloupita, maana hata bingwa aliiamini mashine kuliko ubao.

Nasi wanafunzi twafanya vivyo hivyo kila siku. Tukiona namba ya programu, ile inayosema nani anaongoza na kwa kiasi gani, tunaacha kufikiri. Nilipoteza miaka namna hiyo, nikikariri hatua nisizoweza kuzieleza.

Mashine ina mahali inapopwaya, na ukipajua utaisoma vizuri zaidi. Novemba 2003 Kasparov alicheza na programu iitwayo X3D Fritz. Mchezo wa tatu aliufunga ubao, askari wakakabana katikati, naye akasonga taratibu upande wa malkia. Programu ikabaki kupeleka kete huku na kurudisha kule, kwa sababu matunda ya mpango ule yalikuwa mbali kuliko ilivyoweza kuhesabu. Alishinda. Pambano zima likaisha 2–2.

Programu za leo, zinazotumia mitandao ya neva, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano mingi, zimeziba sehemu kubwa ya pengo hilo, na hakuna bingwa anayetarajia kuzishinda. Hata hivyo, bado utakuta mkao ambao mmoja amejifungia kama ndani ya ngome, mwenzake hana pa kupenyea, na programu inang'ang'ania kwamba huyo wa nje anaongoza.

Kwa hiyo, mchezo wako ukiisha, chukua daftari kwanza. Andika uliogopa nini, ulipanga nini, wapi ulibahatisha. Ndipo ufungue programu. Ikikupa hatua usiyoielewa, ijibu kwa hatua ambayo wewe ungecheza, uone itakuadhibu vipi. Na ikiandika sifuri, yaani hakuna anayeongoza, hesabu ni hatua ngapi sahihi zinahitajika kuilinda sare hiyo. Zikiwa kumi mfululizo, mbele ya mtu mwenye saa inayokimbia, mkao huo ni mgumu kweli kweli.