Feni ya bafuni: ni lazima?

Dada wa Chumbageni, umeuliza kama bafu lenu, lililoota madoa meusi kwenye dari ya jipsamu, linahitaji feni ya kutoa hewa. Lina dirisha? Kama lipo, liache wazi, kausha sakafu, usianike nguo humo. Mabafu mengi ya Tanga yanaishi hivyo, na yale ya zamani yenye matofali ya matundu hayadai umeme.

Ila bafu la masta, yaani la ndani ya chumba kikuu cha kulala, lililobanwa katikati ya nyumba, bila dirisha, hapo nunua feni. Bafu la mita 2 kwa 1.5, kimo mita 2.7, ni kama mita 8 za ujazo. Hewa ikibadilika mara 8 kwa saa, unahitaji feni ya mita 65 za ujazo kwa saa. Bomba lake litoke nje kabisa. Fundi wangu alilikomesha juu ya dari, mbao zikaota kuvu! Acha upenyo chini ya mlango, la sivyo feni itapiga kelele tu. Ukimaliza kuoga, iache dakika 20 hivi. Masika hewa ya nje nayo imelowa, kwa hiyo usitarajie ukavu wa Dodoma.