Jibu: Ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa kwa magome ya miwati kusinyaa kwenye maji ya moto

Mkuu, umesema ngozi zako zimesinyaa ulipozitia maji ya moto, ukauliza kama uongeze formalini (maji yenye kemikali ya formaldehidi) ili zihimili joto. Nakusihi usiiguse. Inasababisha saratani, na mvuke wake utauvuta wewe na vijana wako kila siku.

Kwanza kata kipande shingoni, pale penye unene, utazame ukingo. Ukiona mstari mweupe katikati ya ukahawia, tanini, yaani dawa ya magome inayoivisha ngozi, haijafika ndani. Mara nyingi ni kwa sababu umeanza na maji makali ya magome: nje pameiva pakajifunga, ndani pamebaki pabichi. Anza na maji mepesi, uongeze ukali siku hadi siku. Pipa liwe la plastiki au mbao, maana chuma kikikutana na tanini kinatoa madoa meusi kama wino.

Kama ukingo ni kahawia wote, basi hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Ngozi ya miwati huhimili joto la nyuzi 80 za Selsiasi hivi. Ili ivuke 100 inahitaji kemikali ya kiunganishi kama oksazolidini, inayoshikamanisha tanini na kolajeni (protini ya ngozi) kuwa wavu mmoja. Lakini kiunganishi kinakuja mwisho, tanini ikishaingia. Ukivichanganya mapema vitagandana kwenye maji. Oksazolidini hufanya kazi kama aldehidi, jamii ya kemikali ya formalini, na tanini ya miwati ikichanganywa na aldehidi ndiyo gundi ya mbao viwandani! Kiunganishi nacho kinataka glavu na hewa ya kutosha.

Unatengeneza nini hasa? Kwa mikanda na pochi, nyuzi 80 zinatosha kabisa.