Wenye boti ndogo tuna sauti gani kwenye sera ya utalii?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nina boti pale Kibirizi, napeleka watalii hifadhi ya sokwe ya Gombe na saa nyingine tunashuka mpaka ile ya Mahale kama mteja yuko vizuri. Kila mara tunaitwa semina ya utalii endelevu, tunakaa, tunakula pilau, tunasaini posho tunaondoka, halafu kanuni zinakuja zimeshaandikwa na wa kubanwa ni sisi. Hivi kweli tuna nafasi kwenye kutunga sera au tunaitwa kujaza viti tu?
Mwenye boti, Kigoma

JIBU: Nafasi ipo kaka, ila semina siyo mahali pake, ukiona pilau imeiva ujue na rasimu nayo imeshaiva.

Cha kwanza ujue kanuni ipi inatungwa wapi. Ndani ya hifadhi ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ile ya kukaa mita 10 kutoka kwa sokwe na kutompeleka mgeni mwenye mafua hiyo usipoteze nguvu kuipigania, sokwe anaambukizwa mafua yetu na anakufa, na akifa na biashara yako imekufa. Lakini taka za ufukweni, oili inayomwagwa majini mkibadilisha injini, wapi pa kupakia abiria, hayo yanaingia kwenye sheria ndogo za manispaa. Rasimu yake inatakiwa itangazwe wananchi watoe maoni kabla madiwani hawajaipitisha, sasa siku hizo wenye boti mnakuwaga wapi? Ngazi ya mkoa kuna Baraza la Biashara, mkuu wa mkoa ndo mwenyekiti na sekta binafsi ina viti vyake. Undeni umoja, muwe na katibu anayejua kuandika, pelekeni karatasi moja yenye pendekezo na gharama yake, mfano pipa la oili chafu pale ufukweni, nani analilipia na nani analimwaga. Malalamiko ya mdomo yanaishia mlangoni.

Msipoenda wataenda wenye lodge kubwa peke yao, na siwalaumu, kila mtu anavutia kwake, ila kanuni ikiandikwa na mwenye mtaji itakaa kwa saizi ya mtaji wake. Wakisema kila boti iwe na choo ndani, yeye anaagiza, wewe unaegesha.

Halafu kuna sera ambayo wafanyabiashara mnaitunga kila siku bila kikao. Mwaka 2024 nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei, samaki wazaliane. Sasa hoteli ikimuandalia mgeni samaki kuhe mbichi wa magendo mwezi Juni kwa sababu mgeni kaomba, hapo sera mmeshaitunga nyie, tena mbovu, na mvuvi aliyetii anakuoneni.

Na msisahau vijiji. Gombe ni hifadhi ndogo tu, sokwe hawajui mpaka, wanahitaji na misitu ya vijijini. Mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, ulianza 1994 na vijiji vya pale vikaja kupanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao. Uamuzi wa namna hiyo unapita mkutano mkuu wa kijiji, siyo hotelini, kwa hiyo kama unapitisha wageni Mwamgongo basi hata mwenyekiti wa kijiji akujue kwa sura, na hela kidogo ibaki pale. Ukiwa mpita njia tu utatungiwa ushuru wa mpita njia.

SWALI: Mgeni wangu kaja na mifuko ya plastiki ya zipu kaweka dawa na sabuni, nimnyang'anye? Nina gesti Ujiji.

JIBU: Usimnyang'anye dada. Kilichopigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea, hiyo ya zipu ya vitu vyake binafsi inaruhusiwa mradi aondoke nayo. Mimi ningehangaika na chupa za maji, hizo hazijakatazwa na ndo zinaelea ziwani. Weka dumu la lita 20 pale mapokezi mgeni ajaze chupa yake mwenyewe.