Betri mbili mpya na gari bado linagoma Jumatatu: pima kwanza, alteneta ingoje

Ndugu, umesema Corolla 110 yako imemaliza betri mbili, kila Jumatatu vijana wa bodaboda hapo Umoja, Nairobi, wanaisukuma ndipo iwake, na sasa fundi amekuambia ununue alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Usinunue bado. Mimi pia naendesha Corolla ya aina hiyo, na dalili zako nazifahamu vizuri.

Pitia Luthuli Avenue ununue mita ya dijitali, hata ya bei ya chini. Pima betri asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imeisha. Usiamini kipimo cha jioni ukitoka tu barabarani, kwani betri iliyochajiwa sasa hivi husoma juu kuliko hali yake. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia mita: betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, hiyo imechoka, au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Gari likiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, kanyaga mafuta kidogo. Isishuke chini ya 13.5. Ikipanda zaidi ya 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za alteneta, imeharibika na inaichemsha betri. Angalia pia mshipi unaozungusha alteneta kama umelegea.

Sasa nisikilize hapa, maana mafundi wengi hapa hawapimi kabisa: nyaya. Kwangu betri ilisoma 12.9 injini ikinguruma, nikaambiwa alteneta imekufa. Nilipoweka mita kwenye alteneta yenyewe nikakuta 14.3. Umeme ulikuwa unazalishwa vizuri, unapotelea njiani. Waya wa athi kutoka betri hadi kwenye injini ulionekana mzima kwa nje, lakini ndani ya plastiki shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Kwa hiyo, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Zaidi ya volti 0.2, waya huo ni mbovu. Fanya vivyo hivyo kati ya boliti ya alteneta inayoshika waya wa kwenda betri na nguzo chanya, hapo 0.3 ndiyo mwisho. Gusa nguzo yenyewe, si klampu, ili kutu iliyo katikati nayo ihesabiwe. Waya mnene mpya na kusugua vichwa vya betri vilinitosha. Alteneta ile ile inafanya kazi hadi leo.

Nakuomba sana: fundi akitaka kuchomoa betri injini ikiwaka "tuone kama alteneta inachaji", mkatalie. Volti hupaa ghafla, zikaunguza dayodi, vile vipande vya alteneta vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na hata kompyuta ya gari.

Lakini kwa kuwa shida yako ni ya Jumatatu, mimi nashuku umeme unaovuja gari likiwa limeegeshwa. Ampea moja tu, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, ni saa 60, yaani ampea-saa 60. Betri ya ampea-saa 45 haiwezi kuvumilia. Zima kila kitu, funga milango, chomoa waya hasi, panga mita katikati ya waya na nguzo ikiwa kwenye soketi ya ampea 10, na usiguse stata. Ukiona zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Anza na alamu, traka na redio, maana hivyo vilifungwa baadaye na kila fundi kwa mtindo wake. Fyuzi zote zikitoka na umeme bado unavuja, chomoa ule waya mnene wa alteneta, uufunike usiguse bodi. Namba ikianguka hapo, dayodi ndiyo inayovujisha, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, Kirinyaga Road hukosi wa kukubadilishia dayodi peke yake.