Niliitunza chupa ya Rioja miaka minane, kaka akaomba soda

Jumamosi iliyopita kaka yangu aliketi mezani kwangu hapa Zaragoza, Hispania, akaonja mvinyo wa Rioja, eneo la kaskazini mwa nchi hii, nilioutunza tangu mwaka 2017, akaumeza kwa adabu, akaitua glasi taratibu kama mtu anayetua yai. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, humu ndani hamna soda?"

Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa msomaji wa Mombasa, mhudumu wa hoteli: "Dada, mgeni Mhispania aliniachia chupa ya Rioja Reserva mwaka 2021. Nimeiweka juu ya kabati chumbani, naingoja arusi ya binti yangu. Naambiwa kadiri mvinyo unavyokaa ndivyo unavyozidi utamu. Ni kweli?" Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko cha mtu aliyetoka kuumwa na nyoka halafu anaulizwa kama nyoka ana meno.

Msiokunywa pombe, mniwie radhi leo. Wengine sogeeni.

Novemba 2017 nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja hapa mjini. Duka la jirani lilikuwa limeshusha bei ya Rioja Crianza ya mwaka 2014: euro 5.90 chupa. Nikachukua sita, euro 35.40, karibu ujira wangu wote wa siku ile, nikapanda nazo basi zikigongana ndani ya mfuko, abiria wananitazama kwa jicho la pembeni. Haukuwa ulevi. Nilikuwa nimechoka kuwasikia wahudumu wa mbele wakizungumzia mvinyo kama kwetu Dodoma watu wanavyozungumzia ng'ombe: huyu katoka zizi gani, mama yake nani, ule mwaka wa ukame alikuwa na umri gani. Mtoto wa Kigogo hawezi kupitwa na mazungumzo ya namna hiyo. Tena baba yangu alikuwa na zabibu Hombolo, tukivuna mara mbili kwa mwaka. Ila zabibu zetu zilikuwa za kuuza. Hakuna aliyetufundisha kwamba kinywaji kinaweza kuzeeka vizuri au vibaya.

Nikajiwekea sharti: kila mwaka chupa moja, na kila chupa niiandikie kwenye daftari. Huo ndio ushauri wangu wote wa leo, mkitaka mnaweza kuishia hapa. Nunua zaidi ya moja, onja njiani, andika.

Kwa wanaoendelea, tuanze na mgongo wa chupa. Kila Rioja ina kibandiko kidogo cha baraza linalosimamia mvinyo wa eneo lile. Chekundu ni Crianza: umekaa walau miaka miwili kabla ya kutoka, na walau mwaka mmoja kati ya hiyo umekaa ndani ya pipa la mwaloni la lita 225. Reserva ni miaka mitatu, Gran Reserva mitano. Maeneo mengine mengi ya Hispania, Crianza inahitaji miezi sita tu ya pipa, kwa hiyo neno ni lilelile lakini pipa ni nusu. Ukikuta Joven, huo ni mchanga, umetengenezwa unywewe mapema. Usiutunze hata kwa maombi.

Chupa ya kwanza niliifungua wiki ileile. Nilimimina kidogo, nikainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ya oda niliyotoka nayo kazini, nikatazama ukingo wa mvinyo, pale unapokuwa mwembamba. Rangi ilikuwa ya zambarau iliyoiva hadi mwisho. Puani kulikuwa na zambarau tena, vanila, na nyuma yake nazi iliyokunwa. Nilipomeza, fizi zikakaza kama nimetafuna bibo la korosho. Ule ukakasi ndio wataalamu wanauita tanini, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mwingine kwenye pipa. Waswahili tuna neno lake tangu utotoni, tena neno zuri kuliko lao. Na yale mate yanayochuruzika pembeni ya taya ni uchachu. Shikeni hivyo viwili, ukakasi na uchachu, kwa sababu ndivyo vinavyoubeba mvinyo uzeeni. Tunda likiwa tamu bila uchachu wa kulishika, linaondoka mapema.

Sasa hiyo nazi. Mwaka uliofuata nililipia jioni ya kuonja mvinyo, watu kumi na wawili, mwalimu mwenye tai. Akazungusha glasi akatuuliza tunanusa nini. Wenzangu wakataja matunda ambayo mimi nilikuwa nayaona kwenye picha tu. Ilipofika zamu yangu nikasema nazi. Jamaa mmoja akacheka, akasema lazima nazi, si anatoka kwenye minazi. Meza nzima ikacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akasema jibu ni vanila, akaendelea.

Kwanza, Dodoma nazi tunaletewa kwa lori kutoka Pwani. Pili, nilikuwa sahihi. Mwaloni wa Marekani, ambao watu wa Rioja wameutumia kwa vizazi, una kitu ndani yake kinachotoa harufu ya nazi waziwazi. Wa Ufaransa hutulia zaidi, unakwenda upande wa karafuu na viungo. Nililisoma hilo miezi kadhaa baadaye kwenye kitabu cha maktaba, nikiwa nimesimama, na machozi yakanilenga kwa hasira. Mwalimu yule alilijua. Hawezi kufundisha mvinyo Hispania asilijue. Aliona ni rahisi kuniacha nichekwe.

Kwa hiyo ndugu zangu, msikopeshwe pua. Ukinusa ukwaju, andika ukwaju. Ukinusa tende, andika tende. Ukinusa begi la shule la ngozi la babu yako, liandike hivyohivyo. Daftari ni lako, na mwakani utakaporudi kulisoma utakumbuka ukwaju wako. Tunda ambalo hujawahi kulitia mdomoni halitakukumbusha kitu.

Chupa ya pili niliinywa na wenzangu wa jikoni siku ya kufunga mwaka na sikuandika lolote. Basi, ikaenda hivyo.

Ya tatu, 2019, ndipo nilipojifunza mbinu ninayoiamini kuliko zote. Kunywa nusu. Nusu iliyobaki izibe kwa kizibo chake, iache mezani, uionje kesho jioni. Hewa inaufanyia mvinyo kwa siku moja jambo linalofanana kidogo na yale ambayo miaka hufanya taratibu. Mvinyo ukiamka umelegea, tunda limekwisha, unanusa kama tofaa lililokatwa likaachwa, huo usiuwekee matumaini. Wangu uliamka mzuri zaidi kuliko jana yake. Ukakasi ulikuwa umelainika, na nazi imejificha nyuma ya kitu kama tumbaku kavu. Siku hizohizo nilijaribu na Garnacha changa, mvinyo wa aina nyingine ya zabibu, ya Campo de Borja, hapa karibu na kwetu, ya euro 3 na senti. Usiku wa kwanza ilikuwa inachekacheka, imejaa matunda, mtu yeyote angeipenda. Kesho yake ilikuwa sharubati iliyosahaulika juani. Garnacha ya bei hiyo ni ya kunywa leo na watu leo, wala hilo si tusi.

Halafu ikaja chupa ya nne.

Aprili 2020, Hispania nzima imefungiwa ndani. Mgahawa umefunga, sijui kama nitaitwa tena. Nimepika wali na maharage, maharage yenyewe nimeyaunga kwa kitunguu na mafuta ya zeituni maana nazi ya kopo ilikuwa imekwisha dukani. Nikasema potelea mbali, leo nafungua.

Niliinamisha glasi. Ukingo haukuwa zambarau tena, ulikuwa umeanza kuelekea rangi ya tofali, chungwa kidogo mwishoni kabisa, katikati bado mwekundu mzito. Kabla sijazungusha glasi nilisikia tende na ngozi. Nilipozungusha, matunda yakaja, ila yaliyokauka, kama zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai ya karafuu. Mdomoni ukakasi ulikuwa umebaki kama mkono wa mtu begani, unajua upo lakini haukukazi. Nilimeza, nikaanza kuhesabu sekunde. Kumi na tisa, ishirini, bado ladha ipo. Chini ya glasi ya mwisho kulikuwa na mashapo meusi kidogo, na hilo lisikutishe: rangi na tanini hushikana kadiri miaka inavyokwenda, zinakuwa nzito, zinazama. Ndiyo maana mvinyo mzee hupauka na kulainika.

Nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyenichekea, hakuna aliyenisifu. Niliandika kwenye daftari, na maandishi ninayo hapa: "Huu ndio ule. Zilizobaki zinywewe ndani ya miaka miwili."

Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa sikilizeni alichofanya huyo mwandishi.

Kwa kuwa chupa ya nne ilikuwa nzuri mno, nikaziona mbili zilizobaki kuwa na thamani mno. Nikaanza kumpigia kaka simu: njoo, kuna kitu nimekuwekea. Kaka akawa hapati viza, mara amepata lakini hana likizo. Mwaka 2021 nikahamia ghorofa ya tano, chumba kinachotazama magharibi, na boksi nikaliweka kwenye kabati la juu ya jokofu kwa sababu ndilo lililokuwa tupu. Anayeijua Zaragoza ya Julai anajua joto linavuka nyuzi 40. Ongeza na mgongo wa jokofu unaopumua moto mchana kutwa chini yake. Mvinyo unapenda nyuzi 12 hadi 14, giza, utulivu, chupa imelala ili kizibo kisikauke. Mimi nilikuwa nimeulaza, kweli. Nimeulaza kwenye oveni.

Chupa ya tano, 2022, ilininong'oneza. Niliandika: "Tunda limerudi nyuma. Mkavu mwishoni. Nilihesabu hadi tisa." Mtu mwenye akili angeifungua ya sita mwezi uleule. Mimi nilisema hii ya sita ni ya kaka.

Kwa hiyo Jumamosi. Kaka amefika, amechoka na safari, ameleta karanga na ubuyu. Nimemsimulia habari ya chupa tangu uwanja wa ndege hadi mlangoni. Nimetandika kitambaa. Kizibo kikatoka chepesi mno, kimelowa hadi juu, nikajua kabla sijamimina. Rangi ya chai iliyokaa. Harufu ya siki kwa mbali, na karoti zilizosahaulika jikoni. Uchachu ulikuwepo peke yake, umesimama kama nguzo ya nyumba iliyobomoka. Nilimtazama kaka, naye akanitazama kwa upole ule wa mtu mzima anayesubiri umalize kuongea.

Nilimpa soda. Akala vizuri, akasimulia habari za nyumbani, akalala saa tatu.

Watu wataniambia ni joto lililouua, si umri. Yawezekana ni vyote viwili, na kwenye ghorofa ya tano huwezi kuvitenganisha. Lakini hata ingekaa pangoni Haro, hukohuko Rioja, Crianza ya euro 5.90 haikutengenezwa kufikisha miaka kumi na moja. Daftari liliniambia. Jamani, mnaandika ili msome! Mara ngapi mtu ana ushahidi mkononi, kaupata kwa pesa yake na ulimi wake, halafu anauweka kando kwa sababu ana sherehe kichwani? Tunatunza vitenge hadi vinaliwa na nondo. Tunatunza sahani za wageni hadi wageni wenyewe wanafariki. Mimi nilinywa ile nzuri kuliko zote na maharage, nikiwa nimevaa soksi zisizofanana, na sijutii. Ninachojutia ni zile mbili.

Jumatatu nimenunua boksi jingine, sita tena, Crianza ya 2021. Liko chini ya kitanda upande wa ukuta wa kaskazini, nimelifunga blanketi kuukuu. Moja tayari nimeifungua na kaka kabla hajaondoka. Alisema inanukia zambarau. Sikumfundisha.

Na ndugu yangu wa Mombasa, juu ya kabati, joto lile, miaka yote hiyo. Reserva ni imara kuliko Crianza yangu, lakini si imara kiasi hicho. Nilimjibu: usingoje arusi, ifungue Jumapili hii, na kabla ya hapo isimamishe siku nzima mashapo yatue, kisha iweke kwenye friji nusu saa tu maana nyuzi 30 zinafanya mvinyo mwekundu unuse pombe tupu. Akinusa harufu ya boksi la karatasi lililolowana, kizibo ndicho kilichouharibu, lawama si yake. Akinusa siki, aiweke jikoni, ataitia kwenye nyama.

Juzi akanitumia picha: kizibo kimekatika nusu, nusu nyingine imezama ndani ya chupa. Nimemwambia achuje kwa chujio la chai, amwite na binti yake, waonje, waniandikie wananusa nini. Mpaka saa hizi kimya.